Miguu Iliyotangulia Nyundo



Sisi wakazi wa Mtoni, Mtongani na Mbagala tunaoingia mjini kwa Barabara ya Kilwa tunaifahamu foleni ya Uhasibu, pale Barabara ya Mandela inapoleta malori yake kuelekea bandarini. Baadhi ya malori hayo yametoka Kitwe, Lubumbashi na Kolwezi. Utayatambua kwa jambo moja: trela ni ndefu, matairi yamebonyea, lakini juu yake kuna mafungu machache tu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma na kufunikwa turubai. Asiyejua hudhani lori limekuja nusu tupu. Ile ni shaba, mabamba ya shaba iliyokwisha kusafishwa, na shaba ni nzito kweli kweli. Ndoo ya lita 20 unayochotea maji, ukiijaza shaba tupu, itakaribia kilo 180.

Shaba hiyo imekuwa ikipita hapa kwetu kwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, tangu ianze kazi mwaka 1976. Siku hizi nyingi inakuja kwa barabara. Inapakiwa melini, inakwenda Asia na Ulaya, inageuzwa nyaya, mota na vyombo vya umeme, na baadhi yake inarudi kwetu ndani ya simu tulizoshika mkononi. Habari hizo za mwisho wa safari tunazisikia kila siku. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya mwanzo wake: mtu mmoja, jua kali, mguu mbele ya mguu, macho chini.

Na nina hoja, niitoe mapema. Migodi mingi ya shaba katika sehemu hii ya Afrika inayosemwa iligunduliwa na mgeni fulani, mwaka fulani, iligunduliwa juu ya shimo ambalo wenyeji walikwisha kulichimba. Vitabu husema jambo hili kwa mstari mmoja, kisha vinaendelea na safari. Ukilitembelea shimo lenyewe kwa miguu, utaona kwa macho yako kwamba mstari mmoja hautoshi.

Chukua simulizi inayorudiwa sana kule Zambia. Mwaka 1902 mtafutaji madini William Collier alimpiga risasi korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Alipomwendea akakuta kichwa cha mnyama kimelala juu ya mwamba wenye madoa ya kijani, na kijani hicho kilikuwa shaba. Mgodi uliojengwa hapo ukapewa jina la mnyama, Roan Antelope, na mji ukawa Luanshya. Ni simulizi tamu, na huenda ndiyo sababu imedumu.

Sasa sikiliza hii nyingine, ambayo haina swala. Mwaka 1899 George Grey, akiitafutia madini kampuni ya Tanganyika Concessions, alifika Kansanshi. Huko chifu Kapijimpanga wa Wakaonde alimwonyesha machimbo ya zamani. Alionyeshwa, msikilizaji. Wanaakiolojia waliochimba baadaye mahali hapo wamethibitisha kwamba watu walikuwa wakichimba na kuyeyusha shaba Kansanshi zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Grey kuzaliwa. Mgodi wa Kansanshi wa leo, ambao ni miongoni mwa migodi mikubwa ya shaba barani, umekaa palepale. Vivyo hivyo ng'ambo ya mpaka, Katanga: mgodi wa mwanzo wa kampuni ya Union Minière, ulioitwa Étoile, yaani Nyota, ulifunguliwa mahali ambapo wenyeji walipaita Kalukuluku, na tayari palikuwa na machimbo yao.

Tena habari za Katanga zinatuhusu sisi wa upande huu wa Ziwa Tanganyika moja kwa moja. Kalasa, mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka magharibi ya nchi ambayo leo ni Tanzania, alikuwa akisafiri hadi Katanga kununua shaba, na mwanawe Ngelengwa akamfuata katika kazi hiyo. Fikiria umbali huo kwa miguu, na mzigo wa kurudi nao ni shaba. Katikati ya karne ya 19 yule mwana akabaki kulekule, akajenga ufalme wa Garenganze wenye makao yake Bunkeya, akajulikana kwa jina la Msiri. Watu wake, Wayeke, wapo Katanga hadi leo. Alitawala biashara ya shaba na ya pembe za ndovu, na alitawala pia biashara ya watumwa, hilo nalo lazima lisemwe. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na msafara wa Kapteni Stairs, uliokwenda kuichukua Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Msafara huo uliondokea Bagamoyo, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi wa Unguja na pwani yetu hii. Mwaka uliofuata ndipo mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipopita Katanga akiandika habari za miamba yake, na maandishi yake ndiyo yanayotajwa kama mwanzo wa elimu ya shaba ya Katanga. Mwanzo! Wakati katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, watu walizikwa na misalaba midogo ya shaba, iliyotumika kama fedha, mamia ya miaka kabla ya Mzungu wa kwanza kuliona bonde hilo.

Basi mtu akienda leo kwenye eneo la zamani la utafutaji shaba, atazame nini? Hapa naomba utulie kidogo, maana ndiyo sehemu ninayoipenda.

La kwanza ni rangi. Shaba yenyewe ni nyekundu, lakini ardhini ikikutana na hewa na maji kwa muda mrefu huvaa kijani, wakati mwingine buluu. Jiwe la kijani kibichi lililolala njiani, kipande kidogo tu, ni habari. Mtafutaji mzoefu halichukui akaondoka. Hutazama limetoka wapi. Maji huteremsha mawe, kwa hiyo yeye hupanda. Akiyakuta mtoni hufuata mto kutoka chini kwenda juu, kila makutano ya vijito anasimama na kuchagua, mpaka mahali ambapo mawe ya kijani yanakwisha ghafla. Hapo hugeuka kutazama kilima kilicho pembeni yake.

La pili ni mimea. Shaba ikizidi udongoni ni sumu kwa miti mingi, na ndiyo maana kule Katanga na Zambia kuna vilima vyenye upara katikati ya miombo, majani mafupi tu, miti hakuna. Lakini yako maua yanayoivumilia sumu hiyo. Mojawapo, mmea jamaa ya mrehani ambao wataalamu waliuita Becium homblei, ulitumiwa na watafutaji madini wa Zambia katika miaka ya 1950 kama alama ya kuwaambia wapi pa kuchimba. Wafua shaba wa zamani hawakuwa na jina hilo la Kilatini, lakini walikuwa wakiishi na vilima hivyo mwaka mzima, masika na kiangazi, wakajua kipi ni kipi.

La tatu ndilo linalobeba hoja yangu, nalo ni umbo la shimo. Mchimbaji wa zamani alikuwa na jembe na moto, hakuwa na nguvu ya kupoteza. Alikuta mkanda wa shaba, akaufuata. Ulipopinda naye akapinda, uliponenepa akatanua, uliposinyaa akaacha. Kwa hiyo shimo lake ni refu, jembamba, lina mikunjo, na linaelekea kulekule mkanda unakoelekea. Mwanajiolojia wa kampuni alikuja na kazi nyingine. Yeye alitaka kupima upana wa mkanda na wingi wa shaba iliyomo, hivyo mitaro yake hukata mkanda kwa upande, imenyooka, na imepangwa kwa nafasi zinazolingana. Baada yake walikuja wachorongaji, wakaacha bomba limetokeza ardhini na kuzibwa kwa saruji. Ukisimama juu ya kilima cha namna hiyo ukaona shimo moja la kupindapinda limekatwa na mitaro sita iliyonyooka, umeshapata jibu la nani alimfuata nani. Kitaaluma mtaro hauna haja ya kuchimbwa pale isipokuwa mtu ameshajua mkanda unapita wapi, na aliyejua ameacha shimo lake. Ukitafuta vizuri zaidi chini ya mteremko utakuta pia vipande vya mirija ya udongo wa kufinyanga iliyotumika kupulizia moto wa tanuri, na mabonge meusi ya takataka za kuyeyushia. Hayo usiyabebe. Yakiondolewa mahali pake yanapoteza zaidi ya nusu ya ushahidi wake.

Hapa nchini shaba tunayo, ingawa hatusemwi sana. Mwaka 2017 sote tulisikia habari za makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yaliyozuiliwa bandarini, hatua chache kutoka hapa Mtoni; ndani ya mchanga ule kulikuwa na dhahabu, fedha, na shaba. Lakini mgodi ambao ningependa kila kijana wa Kitanzania aujue ni Mukwamba, karibu na Mpanda. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba pale risasi, ile ya metali, pamoja na shaba, fedha na dhahabu. Kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, karibu kilomita 210, kupita katikati ya miombo na mbung'o. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Reli haikufungwa. Mahindi, asali na abiria wa Katavi wameendelea kupita juu ya reli iliyolazwa kwa ajili ya madini. Kilembe kule Uganda ni hivyohivyo: reli ilifika Kasese mwaka 1956 kuifuata shaba, na shaba ilipokoma kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji ulibaki. Macalder, karibu na Migori nchini Kenya, uchimbaji wa shaba ulikoma katika miaka ya 1960, lakini jina lipo na watu wapo.

Najua Mpanda ni mbali. Mtu wa Mtoni anayetaka kujifunza kusoma ardhi ya namna hii aende wapi kesho kutwa asubuhi? Aende Pugu.

Niseme wazi kwamba Pugu hakuna shaba. Kilichochimbwa Pugu ni udongo mweupe, kaolini, unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri, rangi, karatasi na hata dawa. Lakini ni eneo la zamani la madini lililo karibu na nyumbani, na elimu ya kulisoma ni ileile. Tena lina uhusiano na sisi ambao wengi hatuujui. Mto Kizinga, huu tunaovuka darajani, huu ulioupa mtambo wa maji wa Mtoni maji yake tangu ukoloni, unateremka kutoka upande wa vilima vya Pugu na Kisarawe. Mchanga ambao vijana wetu wanauzoa mtoni ni vilima vile vinavyosagika kidogo kidogo. Ukichota konzi ya mchanga wa Kizinga baada ya mvua ukausuuza, maji yakageuka ya maziwa, umefanya kazi ya kwanza ya mtafutaji madini: umeuliza mto umepita wapi.

Nilipokwenda, niliongozana na mzee mwenyeji wa Kisarawe aliyeujua msitu wa Pugu tangu utotoni. Nilikuwa na ramani kwenye simu, yeye alikuwa na panga na fimbo. Kwenye ramani yangu kulikuwa na rangi ya kijani tu na mstari wa reli. Yeye alisimama mahali ambapo mimi nisingesimama, akanionyesha kwamba ardhi imekaa sawa kupita kiasi, kama sakafu, na kwamba miti iliyoota pale ni ya rika moja wakati pembeni kuna ya kila umri. Palikuwa ni kifusi kilichosawazishwa. Tulipopanda kidogo tukakuta ukuta mweupe uliokatwa kwa mikono ya watu. Mvua imeutia michirizi, lakini kona zake bado zinaonekana. Akanieleza kwa maneno machache kwamba maji hayachimbi kona. Kisha tukafika kwenye midomo ya mahandaki.

Wengi wanayaita mapango ya popo na wanadhani Mungu ndiye aliyeyaumba hivyo. Ni mahandaki ya mgodi. Watu waliyachimba wakifuata udongo mweupe, wakaondoka, popo wakahamia. Jioni wanatoka kwa maelfu, na wapo wanaosafiri kutoka mbali kuja kuwatazama.

Msikilizaji, naomba unisikilize vizuri hapa kuliko mahali pengine popote katika mazungumzo haya. Usiingie ndani. Handaki lililoachwa halina mtu wa kukagua paa lake, na mchanga wa Pugu umeshikana kwa udongo laini tu. Mashimo ya wima yaliyofunikwa na majani ni hatari zaidi, maana huyaoni. Na popo nao si wa kuchezewa. Mwaka 2007, katika mgodi wa Kitaka huko magharibi ya Uganda, wachimbaji waliofanya kazi kwenye handaki lenye maelfu ya popo wa matunda walipata homa ya Marburg. Sisemi kwamba popo wa Pugu wana ugonjwa huo. Nasema mlango wa handaki unatosha kwa mtu aliyekuja kujifunza, na kila kitu nilichokieleza kuhusu kifusi, ukuta na umbo la shimo kinaonekana kutoka nje, kwenye hewa safi na mwanga wa jua.

Nirudi kwenye hoja. Yule mzee wa Kisarawe, angekuwa ameongozana na mwanajiolojia miaka ya 1920, jina lake lingekuwa wapi? Idara ya Jiolojia ya Tanganyika ilianzishwa katika miaka hiyo, ikakaa Dodoma chini ya Edmund Teale, na wataalamu wake wakaizunguka nchi kwa miguu na wapagazi wakichora ramani ambazo mpaka leo zina thamani kubwa. Kazi yao naiheshimu sana. Lakini kila aliyewahi kutembea porini anajua kwamba mgeni hatembei peke yake. Kuna aliyemwonyesha kisima, aliyemwambia kilima kile mawe yake ni mazito, aliyemwambia babu zetu walifua shaba pale. Ramani ikachapwa, jina la mchoraji likawekwa pembeni, na jina la mwonyeshaji likabaki kijijini kwake mpaka waliomjua wakafa.

Tuna mfano mmoja wa kurekebisha jambo hili, na umetufundisha kwamba inawezekana. Mwaka 1967 Jumanne Ngoma aliokota mawe ya buluu kule Mirerani. Dunia ikalipenda jiwe, ikalipa jina la nchi yetu, tanzanaiti, na kwa miaka mingi vitabu vya nje vikamwandika Manuel de Souza kuwa mgunduzi. Aprili 2018, wakati wa kuzinduliwa kwa ukuta wa Mirerani, Rais John Magufuli alimsimamisha Mzee Ngoma mbele ya watu na kumpa shilingi milioni 100. Alikuwa mzee na mgonjwa. Mwaka uliofuata alifariki. Heshima ilimkuta hai, nasi tumshukuru Mungu kwa hilo, lakini ilichukua zaidi ya miaka 50.

Ndiyo maana naona walimu wetu wa jiografia na historia wa Temeke wana kazi nzuri mbele yao. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, kule Dodoma, ina hazina ya ripoti za watafutaji madini tangu ukoloni, na zinapatikana kwa mwenye kuziomba. Mwanafunzi akiisoma ripoti ya zamani, akaenda mahali penyewe na mzee wa hapo, akaandika na yale ambayo mzee anayajua, na jina lake kamili, tutakuwa tumeanza. Wazee wenyewe wanapungua. Vijiji vilivyo karibu na Mukwamba, Mbesa kule Tunduru na Kinusi kule Mpwapwa, ambako wachimbaji wadogo wa shaba wako kazini, vina watu wanaokumbuka nani alipita na nani alimwongoza. Kwa upande wa serikali, mashimo yaliyoachwa yawekwe kwenye orodha moja iliyo wazi, kila shimo na mahali lilipo, lipi lizibwe kwa usalama na lipi lizungushiwe uzio likahifadhiwa kwa kuwa ni machimbo ya kale. Kulifukia shimo la miaka mia tano pamoja na la juzi kwa katapila moja ni hasara isiyorudishika.

Kwa wale watakaotaka kwenda Pugu: panda daladala hadi Gongo la Mboto, kisha gari za Kisarawe. Msitu ule ni hifadhi, kwa hiyo anzia kwenye ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, upate kibali na mwongozaji. Usikwepe ada yake, fedha hiyo ndiyo inayowalipa wanaouzuia usigeuzwe mkaa. Vaa viatu vilivyofunika mguu, beba maji ya kutosha, toka mapema kabla jua halijawa kali. Chukua daftari. Na mwongozaji wako, kabla hamjaanza kupanda, muulize jina lake na la baba yake, uliandike ukurasa wa kwanza.